Mjumbe wa Amani: Je, Kusema na Adui ni Kumsaliti Ndugu?

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Hazikupita wiki tatu, maaskofu wa Baraza la Maaskofu Wakatoliki wa Kongo, liitwalo CENCO, wakafunga safari pamoja na wakuu wa Waprotestanti wa ECC. Tarehe 12 Februari waliketi Goma mbele ya Corneille Nangaa na wakubwa wenzake wa waasi. Wajumbe hao hawakuwa mawaziri wala majemadari. Hawakuwa na askari nyuma yao. Walichukua shauri moja tu: kwamba Wakongo wote, wenye silaha na wasio na silaha, waitwe wakae pamoja, watafute mapatano ya amani na ya kuishi pamoja vema.

Siku zile watu wengi wa Lubero walikuwa wamekwisha kuyaacha mashamba yao na kukimbilia Butembo na Beni. Si ajabu basi kwamba safari ile ilizusha maneno. Wengine walimshukuru Mungu. Wengine walinung'unika, hata miongoni mwa wakubwa wa Kinshasa. Na ndani ya manung'uniko hayo limo swali moja zito: Je, yafaa mchungaji kumpa mkono mbwa-mwitu, hali kondoo waliouawa hawajazikwa bado?

Swali hili si la maaskofu peke yao. Mkatekumeni wa Beni, ambaye tangu Oktoba 2014 ameona majirani zake wakiuawa kwa panga usiku, ana haki ya kuuliza. Amefundishwa amri ya tano: asiue. Amefundishwa kumpenda adui. Lakini kumpenda adui moyoni ni jambo moja, na kwenda kuketi naye ni jambo lingine. Yule aendaye, je, ni mtu wa Mungu, au ni mtu aliyewauza ndugu zake? Yafaa swali hili lichunguzwe polepole, pasipo hasira na pasipo haraka.

I. MSALITI NA MJUMBE

Kwanza ni lazima kutenga mambo mawili ambayo kwa macho yafanana. Msaliti huondoka kijijini, huvuka mto, hufika kwa adui, huzungumza naye, hurudi. Mjumbe wa amani naye huondoka, huvuka, hufika, huzungumza, hurudi. Nyayo zao katika matope ni sawasawa. Ndiyo maana watu wenye hofu huwachanganya, na mara nyingi mjumbe hupigwa kwa kosa la msaliti.

Lakini yako maswali mawili ambayo huwatenga mara moja. La kwanza: Mtu huyu alipeleka nini? La pili: Alirudi na nini?

Yuda Iskarioti alikwenda kusema na wakuu wa makuhani. Alipeleka nini? Alipeleka uhai wa Mwalimu wake. Alirudi na nini? Alirudi na vipande 30 vya fedha. Hapo hapana shaka. Msaliti hupeleka siri za ndugu zake, ili ndugu wadhurike, naye hurudi na faida yake mwenyewe, au na usalama wake peke yake.

Sasa atazamwe mtu mwingine, katika Kitabu cha kwanza cha Samweli. Daudi alikuwa bado hajawa mfalme. Alikaa nyikani na watu wake wenye silaha, nao waliwalinda wachungaji wa tajiri mmoja jina lake Nabali. Siku ya kukata manyoya ya kondoo, Daudi alituma vijana kuomba chakula. Nabali akawatukana, akawarudisha mikono mitupu. Daudi akashika upanga, akaondoka na watu 400, akiwa ameapa kwamba hataacha mwanamume hata mmoja hai katika nyumba ile.

Nabali alikuwa na mke mwenye akili, Abigaili. Aliposikia habari, hakukimbia, wala hakungoja ruhusa ya mume wake mlevi. Alipakia punda mikate 200, divai, kondoo watano waliokwisha kutayarishwa, bisi, zabibu na tini, akashuka mlimani kumkabili Daudi njiani. Akainama mbele yake, akakubali wazi kwamba mumewe ametenda upumbavu. Kisha akamwonya Daudi kwa upole: damu hii ukiimwaga, itakuwa mzigo katika moyo wako siku utakapokuwa mfalme.

Abigaili alipeleka nini? Alipeleka mikate na ukweli. Alirudi na nini? Alirudi na uhai wa watu wa nyumba yake. Na tena, jambo ambalo wengi hawalioni, alimrudishia Daudi dhamiri safi, hata Daudi mwenyewe akamshukuru Mungu aliyemtuma mwanamke yule amzuie asiue. Basi mjumbe wa kweli huwaokoa watu wawili: yule ambaye angeuawa, na yule ambaye angeua.

II. WAJUMBE WASIO NA CHEO

Mataifa yana mabalozi. Balozi hutumwa na serikali, husema maneno ya serikali, na akikatazwa kusema na mtu fulani, hunyamaza. Lakini iko saa ambapo wakubwa wa pande mbili wamekwisha kuapa kwamba hawatasemezana kamwe. Saa hiyo balozi hana kazi. Ndipo huhitajiwa mtu asiye na cheo, ambaye pande zote mbili zamjua kuwa mwaminifu.

Katika nchi ile ile aliyozaliwa Yezu Kristu, Waisraeli na Wapalestina wamepigana kwa miaka mingi. Serikali ya Marekani ilikuwa imejifunga kwa ahadi kwamba haitafanya mashauri na chama cha Wapalestina, PLO. Hapo Mmarekani mmoja, Landrum Bolling, mwalimu na mkuu wa chuo, mtu wa Kanisa la Marafiki waitwao Quaker, alikubali kuyabeba maneno. Alikwenda na kurudi kati ya Rais Jimmy Carter na Yasser Arafat, mkuu wa PLO, bila tarumbeta na bila picha katika magazeti. Baadaye alikuwa mkuu wa nyumba ya masomo ya Tantur, iliyo njiani kati ya Yerusalemu na Betlehemu, mahali ambapo Wakristu wa makanisa mbalimbali hukutana. Alifariki mwaka 2018, umri wake ukiwa umepita miaka 100. Hakuiona amani kamili katika nchi ile. Hata hivyo hakusema kwamba miaka yake ilipotea.

Karibu zaidi na Kongo uko mfano wa Msumbiji. Huko serikali na waasi wa Renamo walipigana tangu mwaka 1977. Serikali iliwaita waasi majambazi tu, na jambazi hasemezwi. Mwaka 1988 Jaime Gonçalves, Askofu Mkuu wa Beira, aliingia katika msitu wa Gorongosa kumwona Afonso Dhlakama, mkuu wa waasi. Hakumwambia kwamba matendo yake ni mema. Alikwenda kusikiliza ni kitu gani hasa kitakachomfanya aache vita. Mwaka 1990 mazungumzo yalianza Roma, katika nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ni jumuiya ya walei Wakatoliki. Askofu Gonçalves aliketi pamoja na wapatanishi wengine watatu kwa muda wa miezi 27. Tarehe 4 Oktoba 1992 mapatano yalitiwa sahihi. Vita vilivyokuwa vimeua mamia ya maelfu ya watu vikaisha.

Mwenye kusema kwamba kusema na waasi ni bure daima, na aikumbuke Msumbiji. Mwenye kusema kwamba kusema na waasi huleta amani daima, naye na ashike kiasi, kwa maana mifano ya Kongo yenyewe ni migumu zaidi.

III. ASKOFU ALIYESEMA WAZI

Jimbo la Butembo-Beni limezaa watu wawili ambao maisha yao, yakiwekwa pamoja, yafundisha mengi juu ya jambo hili.

Wa kwanza ni Emmanuel Kataliko. Alizaliwa mwaka 1932 karibu na Butembo, akafanywa askofu mwaka 1966, akalichunga jimbo hili kwa miaka 30 na zaidi. Watu wa Butembo wamkumbuka kama askofu mpenda kazi, aliyewahimiza Wakristu kujitegemea, na aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mwaka 1989. Mwaka 1997 alitumwa Bukavu kuwa Askofu Mkuu, mahali pa Christophe Munzihirwa, ambaye alikuwa ameuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Kataliko alijua basi ni kiti cha namna gani anachokikalia.

Mwaka 1998 vita vipya vilianza, na Bukavu ikawa chini ya waasi wa RCD. Kwa Noeli ya mwaka 1999 Askofu Kataliko aliwaandikia Wakristu wake barua. Aliwafariji, lakini pia alitaja maovu kwa majina yake: kwamba nchi yaporwa, kwamba mataifa ya kigeni yafanya vita kwa mali ya Wakongo wenyewe, na kwamba wako Wakongo wanaoshirikiana nao. Wenye nguvu walikasirika. Tarehe 12 Februari 2000 walimzuia asirudi jimboni mwake, wakamhamishia Butembo. Kwa muda wa miezi saba Askofu Mkuu wa Bukavu aliishi kama mfungwa asiye na minyororo katika mji wa kwao, hali Wakristu wa Bukavu wakidai arudishwe. Tarehe 14 Septemba 2000 aliruhusiwa kurudi. Wiki tatu tu baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki huko Roma.

Kataliko hakusimama katikati kati ya mporaji na aliyeporwa. Kwa barua ile alichagua upande, yaani upande wa maskini. Kwa sababu hiyo wakubwa wa waasi hawakutaka tena kumsikiliza. Ndiyo gharama ya nabii: asemaye ukweli mbele ya watu wote hufungiwa mlango wa nyuma.

Lakini neno lake halikufa. Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 2001, miezi michache tu baada ya kufa kwake, mamia ya raia wa Ulaya, wengi wao Waitaliano, walipita Uganda wakafika Butembo kwa kongamano la amani. Hawakuwa mabalozi. Walikuja kuwaambia watu wa Kivu kwamba hawakusahauliwa, na kuwaonyesha wenye silaha kwamba wanatazamwa.

IV. PADRI ALIYEKETI NA WENYE BUNDUKI

Wa pili ni padri wa jimbo lile lile, Apollinaire Malu Malu, aliyezaliwa mwaka 1961. Alikuwa mkuu wa chuo kile kile cha Graben. Baadaye aliongoza tume iliyosimamia uchaguzi wa mwaka 2006, uchaguzi ambao Wakongo walikuwa wameungoja kwa miaka 40 na zaidi.

Mnamo Januari 2008 aliongoza mkutano mkubwa wa amani huko Goma. Zaidi ya watu 1,000 walikusanyika: wazee wa makabila, wanawake, wakuu wa dini, watumishi wa serikali, na wajumbe wa makundi yenye silaha, miongoni mwao watu wa Laurent Nkunda na Mai-Mai wa namna nyingi. Siku nyingi zilipita katika kusikiliza. Kila kabila lilitaja wafu wake, na kila moja lilidhani kwamba wafu wake peke yao ndio waliosahauliwa. Tarehe 23 Januari wenye silaha walitia sahihi ahadi ya kuacha kupigana. Malu Malu akawekwa kuwa mwangalizi wa mpango uliofuata, ulioitwa Amani.

Je, amani ilikuja? Kabla mwaka haujaisha vita vilirudi. Mwezi wa Novemba 2008 watu wengi wasio na hatia waliuawa huko Kiwanja, katika Rutshuru. Tena Malu Malu mwenyewe alishutumiwa. Wapinzani walisema kwamba anaegemea upande wa Rais, kwa kuwa alikubali vyeo vya taifa. Wengine waliuliza padri anatafuta nini mezani pa watu wenye damu mikononi. Alifariki mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 54.

Basi msomaji aona mambo mawili. Askofu alisema ukweli waziwazi, akafukuzwa. Padri aliketi na wote, akashukiwa. Wote wawili walitoka katika jimbo moja, walisoma Injili moja, walilia juu ya wafu wale wale. Nani alitenda vema?

V. MIKONO MIWILI YA MWILI MMOJA

Yafaa kujibu hivi: swali lenyewe limeulizwa vibaya. Hakuna aulizaye ni mkono upi wa mwili ulio mwema, wa kulia au wa kushoto. Ukweli pasipo mazungumzo wabaki kilio, na kilio, hata kikiwa cha haki, hakiwezi peke yake kumwondoa mtu msituni. Mazungumzo pasipo ukweli yafanana na mganga afunikaye kidonda kwa kitambaa safi bila kukiosha. Kwa nje kitambaa cheupe, kwa ndani usaha. Siku chache baadaye homa hurudi, nayo ni kali kuliko mwanzo.

Pengine hapo ndipo udhaifu wa mapatano mengi ya Kivu ulipo. Waliotia sahihi waliahidiana vyeo na ngazi za jeshi, lakini swali la nani ameua nani, na ni kwa sababu ya ardhi gani au madini gani, liliachwa chini ya meza. Mtu aliyepewa cheo kwa sababu alishika bunduki amefundishwa kwamba bunduki hulipa. Kesho atakapokosa cheo, aijua njia.

Kwa hiyo jamii ya watu yahitaji nabii na yahitaji mjumbe. Ni vigumu sana mtu mmoja kuwa yote mawili saa moja. Aliyepewa kazi ya mjumbe asimdharau nabii akisema kwamba yuaharibu mazungumzo. Aliyepewa kazi ya nabii asimwite mjumbe msaliti. Nabii huulinda ukweli, usiuzwe. Mjumbe huulinda mlango, usifungwe.

VI. MASHAKA MATATU NA MAJIBU YAKE

Shaka la kwanza: Kusema na muuaji si sawa na kumsamehe bure? Hapana. Mkatekumeni ajua habari ya kitubio. Padri anaposikiliza maungamo ya mwizi, haukubali wizi. Husikiliza ili wizi uishe. Hata akimwondolea dhambi, mwizi hana budi kurudisha mali aliyoiiba. Na mjumbe wa amani ana mamlaka ndogo zaidi kuliko padri katika kiti cha maungamo. Yeye hawezi kumsamehe muuaji kwa niaba ya mjane. Msamaha wa mjane ni mali ya mjane, na haki ni kazi ya mahakama. Mjumbe hana ruhusa kusamehe deni asilolidai yeye. Kazi yake ni kusimamisha panga, ili wafu wasiongezeke, na ili mjane apate siku ya kusikilizwa.

Shaka la pili: Wahenga wamesema dawa ya moto ni moto. Methali hii ina ukweli wake. Serikali ina wajibu wa kuwalinda raia, na askari asimamaye kati ya muuaji na mtoto hatendi dhambi. Lakini mkulima ajuaye kuchoma shamba ajua pia kwamba anayewasha moto wa kuzuia moto hana budi kutazama upepo. Katika Kivu upepo umegeuka mara nyingi. Kundi lililoanzishwa kulinda kijiji limekuwa kundi la kukitoza kijiji kodi. Kijana aliyechukua silaha ili alipize kisasi cha baba yake amewaacha yatima wengine, nao wamekua, nao wamechukua silaha.

Shaka la tatu ni zito kuliko yote: Itakuwaje adui asipotaka kusema? Watu wa Beni wamjua adui wa namna hiyo. Waasi wa ADF, waliotoka Uganda, wamewachinja wanakijiji pasipo kuleta madai ambayo mtu angeweza kuyajibu. Tarehe 19 Oktoba 2012 mapadri watatu Waasumsionisti walikamatwa katika nyumba yao huko Mbau, karibu na Beni, wakapelekwa wasikojulikana, wala hawakurudi. Hapo uongo wa faraja haufai. Iko milango ambayo mjumbe hubisha, na ndani hakuna aitikaye ila upanga. Wala hakuna mtu aliye na wajibu wa kwenda kufa bure. Hata hivyo, ndani ya kundi kama hilo wamo pia vijana waliokamatwa kwa nguvu, na watoto waliozaliwa msituni. Mkuu akikataa kusema, bado yule mdogo aweza kuitwa. Katika Uganda ya kaskazini viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu kwa pamoja, walidai sheria ya kuwapokea waasi wanaoweka silaha chini, nayo ilitungwa mwaka 2000. Joseph Kony hakutoka msituni, lakini maelfu ya watu wake walitoka.

VII. SHERIA ZA MJUMBE

Methali yasema: mjumbe hauawi. Lakini si kila ajiitaye mjumbe ni mjumbe. Kutokana na mifano iliyotajwa, yaonekana sheria nne.

Ya kwanza: Mjumbe apeleke neno kama lilivyo. Asilitie sukari ili apendwe, wala pilipili ili aogopwe. Akibadili neno moja, na pande mbili zikija kulijua, amekufa kwa kazi hiyo, hata kama mwili wake ungali hai.

Ya pili: Asipokee zawadi. Mbuzi wa mwenye silaha ana kamba ndefu. Mjumbe aliyemla atavutwa kwayo.

Ya tatu: Asiwasahau wasiokuwapo. Wanaoketi mezani ni wenye bunduki. Mjane, mkulima aliyekimbia, msichana aliyedhulumiwa, hawa hawana kiti. Mjumbe awe kiti chao. Mwezi wa Juni 2003 Yohana Mbatizaji Odama, Askofu Mkuu wa Gulu, alilala nje mjini usiku kadhaa pamoja na watoto waliokimbia vijijini kila jioni kwa hofu ya kutekwa. Aliyelala na watoto hao hawezi kuwasahau siku ya mazungumzo.

Ya nne: Akubali kutoeleweka. Mwaka 2002, katika nchi ile ile ya Acholi, mapadri watatu waliokwenda kukutana na waasi walikamatwa na askari wa serikali wakawekwa kizuizini. Mjumbe apigwaye na pande zote mbili asidhani kwamba amekosea njia. Mara nyingi hiyo ndiyo alama ya kwamba yuko katikati hasa.

VIII. MJUMBE WA KIJIJINI

Mkatekumeni aweza kusema: Mambo haya ni ya maaskofu. Mimi ni mkulima wa viazi na maharagwe. Lakini vita vikubwa huanza kwa vitu vidogo. Huanza kwa mpaka wa shamba uliosogezwa usiku. Huanza kwa ng'ombe aliyeingia katika mihogo. Huanza kwa mtu mmoja kumnong'oneza mwingine: Yule aliyehamia juzi ni mtu wa waasi. Neno hilo hukimbia sokoni upesi kuliko pikipiki. Jioni vijana wenye fimbo na petroli wako mlangoni mwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza lolote.

Saa hiyo, yule asimamaye mlangoni na kusema, "Apelekwe mbele ya wazee, aulizwe kwanza," anafanya kazi ile ile ya Abigaili. Hana cheo. Hana walinzi. Wataulizana kama yeye naye si mshiriki wa adui. Lakini amepeleka ukweli, na akipata neema atarudi na uhai wa mtu, na vijana wale hawatalala usiku ule wakiwa na damu mikononi.

Ndiyo maana wazee wa Kivu wana barza, mahali pa kuketi na kukata maneno. Kuketi huko kwachosha. Mashtaka hurudiwa mara kumi, na jua huzama kabla ya uamuzi. Mwenye haraka huona ni upuzi. Lakini saa zote zinazotumiwa kusema ni saa ambazo hakuna aliyeuawa.

Basi jibu la swali la mwanzo ni hili. Kusema na adui si usaliti, ikiwa asemaye amepeleka ukweli na hakuuza mtu. Huwa usaliti siku ile arudipo na faida yake, na wafu wa ndugu zake wamesahauliwa mezani. Kazi hii yaweza kushindwa, na huko Kivu imeshindwa mara nyingi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mkulima wa Lubero ambaye shamba lake limechomwa mara tatu, akirudi hupanda tena, si kwa sababu ana hakika kwamba hapatakuwa na moto, bali kwa sababu asipopanda, njaa ina hakika.

MASWALI YA KUFIKIRI

1. Msaliti na mjumbe hupita njia moja. Ni maswali gani mawili yanayowatenga?

2. Abigaili aliwaokoa watu gani wawili? Kwa nini wa pili naye alihitaji kuokolewa?

3. Kwa nini mjumbe hawezi kumsamehe muuaji kwa niaba ya mjane?

4. Je, kijijini mwako kuna watu wawili ambao hawasalimiani? Ni nani aaminiwaye na wote wawili? Na kama hayuko, ni kwa nini?